Gigahetsi 60: picha mubashara bila waya na bila leseni

Ndugu zangu mafundi wa matangazo, karibuni.

Kila aliyewahi kurusha mechi anaijua adha hii: kamera iko ng'ambo ya barabara, gari la matangazo liko huku, na hakuna ruhusa ya kupitisha kebo katikati. Wengi hukimbilia Wi-Fi ya gigahetsi 5. Asubuhi uwanja ni mtupu, picha inang'aa. Jioni watu wamejaa, kila mmoja na simu yake, picha inaanza kukatikakatika. Masafa yasiyo na leseni ni ya wote, huna wa kumshtaki.

Naomba mwitazame bendi ya gigahetsi 60. Marekani tangu 2016 inaruhusu kutumia kuanzia 57 hadi 71 bila leseni. Kwa nini kipande kikubwa hivyo kitolewe bure? Kwa sababu oksijeni inayameza mawimbi hayo, takriban desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha kupungua kwa nguvu) kwa kila kilomita, mbali na nguvu inayopotea kwa kutawanyika tu. (Si mambo mapya: mwanafizikia Jagadish Chandra Bose alifanya majaribio ya mawimbi ya milimita 5, yaani ya bendi hii hii, kule Calcutta, India, miaka ya 1890.)

Hicho kinachoitwa udhaifu, kwetu ni ulinzi. Kwa mita 100 oksijeni inakula chini ya theluthi ya nguvu yako. Kwa kilomita moja inabakiza sehemu moja kati ya 30 hivi. Kwa hiyo jirani wa mbali hakufikii, nawe humfikii. Na kwa kuwa wimbi ni fupi, antena ya sentimita 30 inatoa mwale ambao kwenye mita 100 una upana wa mita 2 hivi. Kinachowalinda hapa ni hewa yenyewe, si karatasi ya leseni.

Halafu kuna nafasi. Chaneli moja ya bendi hii ina upana wa gigahetsi 2.16. Picha ya HD isiyobanwa inahitaji gigabiti 1.485 kwa sekunde, nayo inapita. Jambo hili nalithamini kuliko yote, kwani kubana picha kunaleta ucheleweshaji. Ukichanganya kamera ya waya na kamera iliyobanwa, kwa moja mpira umeshagonga wavu, kwa nyingine mchezaji ndiyo kwanza anapiga.

Sasa mvua. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo masika ya pwani yetu yanaijua, inaongeza upotevu wa desibeli 18 hivi kwa kilomita. Kwa mita 200 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya nguvu. Kiungo kilichopangwa vizuri kitastahimili. Kwa kilomita moja, mvua na oksijeni pamoja vinakuachia sehemu moja kati ya 2,000. Msijaribu.

Fungeni antena juu ya vichwa vya watu, maana mtu mmoja akikatiza mwale, picha imekwenda. Mlingoti usiyumbe. Na kebo ya akiba iwe tayari panapowezekana.

Kuhusu sheria, ruhusa ya Marekani haivuki mpaka. Aliye Tanzania aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, aliye Kenya aulize Mamlaka ya Mawasiliano, na aulize pia kikomo cha nguvu ya kurusha, kabla hajaagiza vifaa.