Kipimo Kwanza, Spea Baadaye: Injini ya Hiace ya Zamani na Imani Yetu kwa Mafundi

Mhadhara uliotolewa Masasi, mkoani Mtwara, mbele ya wamiliki, madereva na mafundi wa magari ya abiria

Ndugu mwenyekiti, ndugu wamiliki, madereva, na mafundi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie injini za Hiace za zamani, hasa zile za dizeli za aina ya 3L na 5L ambazo bado zinabeba watu na mizigo kati ya Masasi, Newala, Nachingwea na Mtwara mjini. Nianze na jambo ninaloliamini kwa dhati. Imani kati ya mwenye gari na fundi huharibiwa na uongo, ndiyo, lakini huharibiwa zaidi na mazoea yetu ya kulipia kazi ya spana na kukataa kulipia uchunguzi. Fundi akitumia asubuhi nzima kutafuta chanzo cha joto, na mwishowe akagundua kwamba ni kifuniko cha rejeta (kipoza maji ya injini) kilichochoka, tunampa fedha ya soda na kuondoka. Akifungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, pasipo sababu, tunamlipa ujira wake wote. Kwa utaratibu huo sisi wenyewe ndio tunaomsukuma afungue kabla ya kupima.

Tuchukue tatizo la kuchemsha, kwa kuwa ndilo linalotutesa zaidi kuanzia mwezi wa Oktoba, wakati jua ni kali, mvua haijaanza, na magunia ya korosho yamejaa garini. Gari linakwenda vizuri kwenye tambarare, lakini likianza kupanda kuelekea Newala mshale wa joto nao unapanda, abiria wanashushwa, na jioni hiyohiyo mtu anatamka kwamba gasketi, yaani kizibo cha kati ya silinda hedi na injini, imeungua. Inawezekana imeungua kweli. Hata hivyo, gari linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hujulikana bila kufungua hata boliti moja ya injini.

Kaguzi hizi zianze asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa wakati wa moto maji yanaruka na kuunguza uso. Tazameni kiasi cha maji na rangi yake. Maji ya kahawia ni dalili kwamba kutu inakula njia za ndani. Nasisitiza hili kwa wenzetu wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi, ambako maji ya visima vingi yana chumvi: ukijaza maji hayo kila siku, ukoko wa chumvi unajijenga ndani ya mirija ya rejeta mpaka inaziba, na hakuna feni itakayoponya rejeta iliyoziba. Tumieni kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, na ikichanganywa na maji, yawe maji safi yasiyo na chumvi.

Kisha kipimwe kifuniko chenyewe. Maji katika mgandamizo wa kawaida huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Springi ya kifuniko huongeza mgandamizo ndani ya rejeta, na hivyo maji huweza kupita nyuzi hizo bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukifa, maji yatachemka na kumwagika mlimani ilhali injini ni nzima. Baada ya hapo itazamwe feni. Nyingi ya injini hizi zina klachi ya feni, kiungo kinachoishika feni izunguke na injini, yenye mafuta mazito ndani yake. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusheni feni kwa mkono, na kama inazunguka ovyo bila ukinzani wowote, mafuta hayo yamevuja. Gari la namna hiyo halitalalamika barabarani kwenye kasi, kwa kuwa upepo unaingia wenyewe, lakini mlimani, mwendo ukiwa mdogo na kazi ni kubwa, litachemsha.

Thamostati, vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, nayo ina mkasa wake, na hapa naomba nisikilizwe na mafundi. Tumezoea kuing'oa na kuitupa. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, kwa hiyo ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto inarudi bila kupita kwenye rejeta, na tatizo ulilotaka kulitibu unaliongeza. Itumbukizeni kwenye sufuria ya maji jikoni, mtazame kama inafunguka maji yanapopata moto. Ikigoma, inunuliwe nyingine.

Hayo yote yakipita salama, ndipo tuzungumze habari za gasketi, na hapo mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa. Injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, iwashwe: mapovu yakitoka mfululizo na kuongezeka unapokanyaga mafuta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mipira ya rejeta kukakamaa mara tu baada ya kuwasha, maji kupungua pasipo tone chini ya gari, oili kugeuka rangi ya maziwa, hizo nazo ni dalili. Zikionekana mbili kwa pamoja, mruhusuni fundi afungue, lakini hedi ipelekwe kupimwa kama imepinda au ina ufa kabla ya kufungwa, la sivyo gasketi mpya nayo itaungua.

Gari linalogoma kuwaka asubuhi lipimwe glo plagi, zile zinazopasha silinda joto, kwanza, na kama linawaka baada ya kupampu kwa mkono pale kwenye filta ya dizeli, tafuteni mahali linapoingiza hewa kabla ya kulaumu pampu ya dizeli. Moshi mweusi na nguvu kupungua, kwa magari yanayopita kwenye vumbi, mara nyingi huanzia kwenye chujio la hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Dereva naye ana wajibu wake. Kumwambia fundi kwamba gari linasumbua hakumsaidii. Mwelezeni lilianza lini, likiwa na mzigo au tupu, la moto au la baridi. Na mmiliki akubaliane na fundi bei ya uchunguzi kabla ya kazi kuanza, aombe kurudishiwa kila spea iliyotolewa, na wote wawili waliendeshe gari pamoja kwa majaribio. Spea ikiagizwa Kariakoo inasafiri zaidi ya kilomita 500 kutufikia, na ikiwa si hiyo iliyohitajika, gari linalala tena. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mtwara na Lindi wamefundishwa kupima. Tuwalipe kwa kupima.

Nimalizie na taimingi belti, mkanda unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake, kwa kuwa haionekani wala haitoi taarifa. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika gari likiwa mwendoni, vali zinagongana na pistoni. Andikeni kwenye daftari la gari tarehe na kilomita ilipobadilishwa, fundi aweke saini yake. Mliyenunua gari lisilo na daftari, badilisheni belti hiyo kabla msimu wa korosho haujaanza.