Lava Ikipoa, Mazuku Bado Yapo

Ndugu zangu, volkano yetu ya Nyiragongo, mlima ulio juu ya mji wa Goma mashariki mwa Kongo, ililipuka Januari 2002 na Mei 2021; hayo mnayajua, sitayarudia. Kila tukikaa kuzungumzia Nyiragongo, maneno yanaishia kwenye lava, ule uji wa mawe ya moto: imefika wapi, imefunika nyumba za nani. Lava mtu huiona akakimbia. Mimi nazungumzia mazuku, gesi isiyoonekana, na nitazidi kuyazungumzia hadi kila mzazi wa Goma ajue mwanawe asicheze wapi.

Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa za miamba. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka na kujaa kwenye mashimo, mitaro na vibonde. Haina rangi. Usiku upepo ukitulia hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma hutawanyika. Ndiyo maana mahali ulipopita salama saa saba mchana panaweza kumuua mtu saa kumi na mbili asubuhi. Na urefu una maana: mtu mzima kichwa chake kiko juu ya gesi, mtoto aliyemshika mkono amezama ndani yake. Mkikuta panzi, mijusi na ndege wamekufa pamoja kibondeni, msishuke.

Mtaniambia, tutapima kwa mshumaa. Hapana! Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka wakati gesi imeshafikia kiwango cha kumlegeza mtu. Kitambaa chenye maji puani? Hakizuii kitu. Hata barakoa ya kuchuja vumbi haikupi oksijeni pale isipokuwepo. Linaloniuma zaidi ni hili: mmoja akianguka, nduguye hushuka kumwinua, naye haamki. Asiye na mtungi wa hewa asishuke, hata kama aliyelala chini ni mama yake. Aite watu, wamvute kwa kamba au mti mrefu wakiwa juu.

Tena msitegemee ramani ya zamani ya mazuku. Mwaka 2002 ardhi ilipasuka kutoka mlimani kuelekea mjini, na kila ufa mpya unaweza kuwa njia mpya ya gesi. Vibonde vikaguliwe upya, bendera za hatari zisimikwe.

Maji ya mvua, kwa kifupi: moshi wa volkano huyatia asidi na floridi, basi funikeni matangi mlima unapofuka. Gesi iliyoyeyuka kwenye vilindi vya Ziwa Kivu ni habari nyingine, inataka kikao chake.