Msimdanganye Njiani: Mhadhara kuhusu Kulazwa Hospitali ya Akili bila Ridhaa

Ndugu watendaji wa kata na vijiji, maafisa ustawi wa jamii, wanafunzi wa uuguzi, na nyinyi wazazi na ndugu wa wagonjwa mliotoka Bahi, Chamwino na Kongwa tangu alfajiri, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili bila mgonjwa mwenyewe kukubali. Mada hii ina sheria ndani yake, nitaigusa sheria, lakini sitakaa nayo sana. Ninachotaka tukae nacho ni safari: zile saa chache kati ya nyumbani na geti la hospitali. Nani alimshika, nani alisema naye, na aliambiwa anapelekwa wapi. Nimeuguza wagonjwa wa akili sehemu kubwa ya maisha yangu, na leo nina hoja moja. Kumlaza mtu kwa nguvu mara nyingine hakuepukiki. Kumdanganya kunaepukika karibu kila mara, na uongo huo ndio anaobaki nao akishapona.

Dodoma tunaishi na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe tangu mwaka 1927. Mtoto wa mjini hapa, hata kabla hajajua kusoma, anajua kumtukana mwenzake kwa jina lile. Tunacheka, lakini tusichokiona ni huyu kijana aliyekaa pembeni, ambaye wiki ya pili sasa anasikia watu wakimsema usiku na chumbani hamna mtu. Anachokiogopa kwanza ni hilo jina, ugonjwa baadaye. Basi ananyamaza. Familia nayo inanyamaza, inakwenda kwa mganga, inakwenda kwenye maombi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika Dar es Salaam, ulikuta kwamba asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi uliozidi. Kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 24. Mimi siwalaumu. Mganga anakaa na ukoo mzima, anasikiliza, hamwandiki mtu jina la kumfuata maisha yake yote. Ila kwa ugonjwa mzito, yule asiyelala, asiyekula, anayeona kila mtu ni adui, siku zinakwenda bure. Mpaka kufika kuamua hospitali, ng'ombe wameshauzwa, mlango umeshavunjwa, mama hajafumba macho wiki nzima. Familia iliyochoka kiasi hicho haina tena nguvu ya kueleza jambo. Inatafuta njia fupi.

Njia fupi mnaijua. "Twende tukamwone shangazi." "Kuna kazi imepatikana mjini." "Tunapitia mahali mara moja." Kuna mkulima mmoja wa zabibu, mtu wa makamo, ambaye ndugu zake walimwambia anaitwa mjini kulipwa pesa yake ya mavuno iliyocheleweshwa. Akaoga. Akavaa suruali yake ya kanisani. Akachukua daftari alilokuwa akiandika kilo alizopeleka, kila siku na mstari wake. Aliteremka kwenye gari mbele ya mapokezi daftari liko mkononi. Alipoinua macho akaelewa alipo, hakupigana wala hakupaza sauti. Alimpa mdogo wake lile daftari, akatufuata. Tukaandika kwamba mgonjwa amefika ametulia. Wodini dawa alikunywa, wauguzi alitusikiliza, usingizi ukarudi, zile sauti zikaisha. Lakini chakula alicholetewa na mdogo wake hakukigusa hata siku moja. Alipokaribia kuruhusiwa aliniambia, "Sista, dawa zenu nimezielewa. Ndugu yangu bado sijamwelewa."

Ugonjwa wa mtu yule ulitibika. Kilichovunjika ni kati yake na yule ambaye ndiye angemkumbusha dawa, ndiye angemrudisha kliniki kwa sindano ya mwezi. Na dalili zikirudi, atamwambia nani?

Jambo hili wameliona na wenzetu wa mbali. Marekani, miaka ya 1990, kundi la watafiti waliojulikana kwa jina la MacArthur liliwauliza wagonjwa waliokuwa ndiyo kwanza wamelazwa: ulijisikia kulazimishwa? Majibu hayakufuata karatasi. Wapo waliosaini wenyewe kwamba wamekubali, na bado walijisikia wameburutwa. Wapo walioletwa kwa amri, na hawakujisikia hivyo sana. Kilichowatenganisha ni namna walivyotendewa: je, alipewa nafasi ya kusema la kwake? Aliheshimiwa? Walioamua walionekana kumjali kweli, bila hila? Vitisho na mabavu viliongeza ile hisia ya kulazimishwa. Kumbembeleza mtu kwa maneno ya kweli hakukuiongeza.

Watafiti hao waliwarudia baadhi ya wagonjwa wiki kadhaa baada ya kutoka. Katika wale waliosema mwanzoni kwamba hospitali hawaihitaji, takriban nusu sasa walikiri kwamba waliihitaji. Sikilizeni sehemu ya pili: hisia yao ya kwamba walilazimishwa ilibaki vilevile. Mtu anaweza kukwambia mlikuwa sahihi kunipeleka, na papo hapo akakwambia mlinitendea vibaya. Uingereza nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza waliolazwa kwa nguvu ya sheria baada ya mwaka mmoja kupita. Wanne katika kila kumi ndio waliosema kulazwa kwao kulikuwa sahihi. Kwa hiyo ile kauli yetu, "mpeleke tu, akipona atakuja kushukuru," tuitumie kwa uangalifu mkubwa. Wengi hawaji kushukuru.

Sheria. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni, na inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa bila hiari. Katiba, Ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu binafsi. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kamati inayousimamia inasema kumfungia mtu kwa sababu ya ulemavu wa akili kukome kabisa. Nchi nyingi hazijafika huko. Mimi mwenyewe sioni namna ya kumwacha mtu anayekwenda kujitupa kisimani. Lakini kamati ile inatukumbusha kwamba kumnyima mtu uhuru ni jambo zito, na anayelifanya lazima awe na sababu anayoweza kuisema mbele ya mgonjwa, ana kwa ana.

Sasa twende kwenye safari yenyewe. Watendaji, mnaitwa usiku, mnakuta kijana kashikwa na watu sita na kila mmoja anapiga kelele yake. Kwanza kabisa, ulizeni imeanza lini. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo haeleweki anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, au ni mnywaji aliyekata pombe ghafla. Huyo apite kituo cha afya kwanza, apimwe, kwa sababu anaweza kufa njiani huku mkisema ana wazimu.

Pili, azungumze mtu mmoja tu, anayemwamini, awe dada, mjomba au mchungaji wake. Wengine wote wanyamaze. Kamba ya katani msiitumie. Nimeosha mikono iliyochubuka mpaka nyama, vidole vimekufa ganzi. Msimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni, watu wanakosa pumzi namna hiyo. Akitulia, legezeni. Mpeni maji. Mfunikeni, hasa akiwa mwanamke. Wanaletwa mabinti kanga imeanguka tangu kijijini na ndani ya gari hamna aliyeona ni kazi yake kuiokota.

Halafu mwambieni ukweli. Maneno yawe mafupi. "Baba mdogo, hujalala siku nne, na jana ulimpiga mama. Tunakupeleka Mirembe kwa daktari. Tunajua hutaki. Mimi nitakaa na wewe mpaka daktari akuone." Najua mtaniuliza: akiambiwa hivyo si atakimbia? Anaweza. Kama hatari ni kubwa kiasi hicho, mshikeni kwanza, apande gari, na mkishaanza safari mwambieni. Ninachoomba ni kwamba asilione lile geti kabla hajasikia kutoka kwa mtu wake mwenyewe kwamba ndiko anakokwenda. Na huyo aliyeahidi kukaa, akae. Wengi wanamfikisha mapokezi wanaondoka kwa mlango wa nyuma mgonjwa akiwa ameangalia pembeni.

Wanafunzi, hapa sasa ni zamu yetu wauguzi. Mtu akifika tunachukua simu, mkanda, kisu, rozari au hirizi. Sababu zipo, zitajeni, na mwandikie mbele yake ulichochukua. Sindano mnayompa mwambieni ni ya nini. Haloperidol, dawa ya kumtuliza mgonjwa, inaweza kumfanya shingo ikapinda, macho yakageukia juu, ulimi ukawa mzito, na kwa mtu aliyekuja akiamini kuna wanaotaka kumuua, huo ni ushahidi tosha. Ndugu naye aliyepo dirishani anaona majini yamepanda. Hali ile ina dawa yake, benzhexol, na inatulia. Kumwambia mapema, "Ukisikia shingo inakaza, niite, ninayo dawa," kunachukua pumzi mbili. Nimeona mgonjwa aliyeambiwa hivyo akiita usiku kwa utulivu kabisa, "Sista, imeanza."

Wale wanaoletwa na mahakama, wa Isanga, kule wanakowekwa wagonjwa wa akili wenye kesi, ni mada ya siku nyingine. Kutoka kwao hakutegemei daktari peke yake, na uchungu wao ni wa namna yake.

Kutoka hospitali. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni wakati ambao hatari ya mtu kujiua iko juu, na familia hapo ndipo zinapopumua na kulegea. Anarudi kijijini watoto wanamkimbia, mkewe kahamia kwao, shamba limelimwa na mwingine. Kanuni ya Adhabu iliandika kujaribu kujiua kuwa ni kosa, kwa hiyo hata akijaribu watu wanaficha, na anayefichwa hatibiwi. Maafisa ustawi, mkifanya ziara moja tu ya nyumbani, ifanyeni wiki ile ya kwanza. Na muulizeni mambo mawili pamoja: unaendeleaje na dawa, na unaendeleaje na waliokupeleka. Hilo la pili likiwa na jibu baya, waiteni wote, waombe radhi kwa uongo hata kama kumpeleka kulikuwa sahihi. Wazee wa hapa wanajua kukalisha watu, watumieni.

Na akiwa mzima, kaeni naye aandikiwe anachotaka siku ugonjwa ukirudi: nani ampeleke, nani asimguse kabisa, dawa ipi ilimtesa, watoto wabaki kwa nani, nani ashike ufunguo. Asaini au aweke dole gumba, nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine iwekwe ndani ya kadi yake ya kliniki. Sisi wauguzi tukiikuta tunaisoma kabla ya kushika sindano.

Karatasi za mfano ziko pale mezani karibu na mlango, zimetosha. Maswali tuanze na wazazi mliokaa nyuma, maana ndio mna safari ndefu ya kurudi.