Kabla ya Kuongeza Memori, Fungua Orodha Hii

ZAINABU: Karibuni wasikilizaji wetu wa Arua, Koboko, Bombo, Kampala na kwingineko. Mimi ni Zainabu, niko na kaka yangu Drani, fundi wa kompyuta. Kaka, kuna dada ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua. Anasema akiwasha kompyuta asubuhi, skrini ya Windows inatokea vizuri, lakini akibofya Word inakaa mpaka mteja anaanza kuondoka. Ameshauriwa aongeze memori, yaani RAM, pale programu zilizofunguliwa zinapofanyia kazi. Aongeze?

DRANI: Asinunue kitu bado. Aangalie kwanza ni programu ngapi zinafunguka zenyewe anapowasha. Watu wengi hawajawahi kuiona orodha hiyo, na inaniuma, kwa sababu kuifungua hakugharimu hata shilingi.

ZAINABU: Zinafunguka zenyewe kwa amri ya nani?

DRANI: Zinajiandikisha zenyewe siku ya kusakinishwa. Chukua Spotify, Teams au Steam: inajifungua mapema ili ukiihitaji uikute tayari, hata kama wiki nzima hutaigusa. Halafu tazama kompyuta tunazonunua huku. Nyingi zilitumika kwanza kwenye ofisi za nje. Kama hazikusafishwa, zinakuja na programu za mikutano ya ofisi ile, na programu ya printa iliyobaki hukohuko. Kila asubuhi kompyuta inaitafuta printa ambayo dada yetu hajawahi kuiona.

ZAINABU: Lakini programu ndogo ndogo kama hizo, zinaweza kuizuia Word?

DRANI: Zinaweza, hasa kwenye diski ya zamani, ile inayozunguka. Ndani yake mna kichwa kinachosoma sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Programu kumi na tano zikitaka kusomwa kwa pamoja, kichwa kinarukaruka huku na huku, na muda mwingi unaishia kwenye kuruka. Word inapanga foleni hiyohiyo. Na kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika mchana na kurudi, foleni inaanza upya, mteja akiwa amesimama pale.

ZAINABU: Haya, tuelekeze taratibu.

DRANI: Ashike Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Kwenye Windows 10 atafute kichupo cha Startup. Akiona dirisha dogo lisilo na vichupo, abofye More details pale chini. Kwenye Windows 11 ni Startup apps, upande wa kushoto. Halafu abofye jina la programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na achague Disable. Mwenye Windows 7 ashike kitufe cha Windows na R, aandike msconfig, abonyeze Enter, afungue kichupo cha Startup na aondoe tiki.

ZAINABU: Mbele ya majina kuna High, Medium, Low.

DRANI: Hiyo safu ni ya thamani sana. High maana yake wakati wa kuwasha, programu ilitumia prosesa kwa zaidi ya sekunde 1, au ilisoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3 kwenye diski. Aanze na hizo.

ZAINABU: Wengine wanaogopa kugusa. Wanadhani programu itafutika.

DRANI: Haifutiki. Inabaki palepale, utaifungua siku unayoitaka, na ukibadili mawazo kuna Enable. Ila usizime antivairasi, wala vitu vya sauti na padi ya kugusa ya laptopu. Na kwenye OneDrive naomba mnisikilize vizuri. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni anayeitegemea kuhifadhi tasnifu yake, akiizima, nakala mpya haziendi tena mtandaoni mpaka aifungue kwa mkono. Laptopu ikiibiwa wiki ile, kazi ya wiki nzima imekwenda nayo. Huyo aiache iwake, hata kama imeandikwa High.

ZAINABU: Basi azime zote zilizobaki kwa mara moja?

DRANI: Hapana. Aipige picha orodha kwa simu, azime mbili tatu, aiwashe upya, aone. Akishamaliza, aende kwenye Performance, hapohapo Task Manager, huku anafanya kazi zake za kawaida. Memory ikiwa karibu kujaa kila wakati, hapo sawa, aongeze. Disk ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 na memori bado ina nafasi, pesa hiyo anunue diski ya SSD, ambayo haina kichwa cha kurukaruka.

ZAINABU: Mimi kwenye orodha yangu nimeona jina limeandikwa "Program" tu, bila mtengenezaji.

DRANI: Hilo mara nyingi ni mabaki. Programu iliondolewa, njia yake ikabaki. Njia yenyewe inaanza na "Program Files", Windows inaisoma mpaka kwenye nafasi kati ya maneno mawili na kuishia hapo. Zima. Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: duka la kuchapa linapokea flashi za kila mtu. Kuna virusi vya flashi vinavyoficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake, na vingi hujiandika kwenye orodha hii ili viamke na kompyuta. Ukikuta wscript, programu ya Windows ya kuendesha skripti, inafungua faili lililojificha kwenye folda ya AppData, na hukuliweka wewe, zima, kisha pitisha antivairasi kwenye kompyuta nzima kabla hujapokea flashi nyingine. Vinginevyo ugonjwa unahamia kwa wateja wako wote.

ZAINABU: Na kama kimejificha zaidi ya hapo?

DRANI: Kuna programu iitwayo Autoruns ya Sysinternals, mkusanyiko wa zana ambao Microsoft iliununua mwaka 2006. Ni ya bure, na inaonyesha mengi ambayo Task Manager haionyeshi: huduma, kazi zilizopangiwa muda, kila kitu. Ondoa tiki tu, usifute.

ZAINABU: Nimalizie na bando. Wengi wetu tunaunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu.

DRANI: Hapo ndipo pesa inavuja. Programu ikishaamka inaanza kutafuta masasisho yake, na tangu Julai 2021 data tunayonunua inabeba ushuru wa asilimia 12. Ukishapunguza orodha, nenda Settings, kwenye Network & internet, ufungue jina la Wi-Fi ya simu yako, uwashe Metered connection. Windows itapunguza kupakua nyuma ya pazia. Fanya hivyo kwa kila simu unayounganisha, kwa sababu mpangilio huo unashika kwa Wi-Fi moja moja.

ZAINABU: Asante, kaka. Wasikilizaji, mwenye jina asilolitambua kwenye orodha yake atutumie picha, tutalisoma kipindi kijacho.