Mchango Hausomewi Majina

Narudi kwenye neno lile lile, na mlionisikia kabla ya leo mnivumilie: mchango. Hapa Mombasa mchango twaujua. Ikiwa harusi, watu wachanga. Ikiwa matanga, watu wachanga. Mwenye elfu atoa elfu, mwenye mchele aleta mchele, asiye na kitu aja kuosha masufuria, na hakuna afukuzwaye mlangoni. Mwaka 1988, katika masharti ya mikopo ya Benki ya Dunia, serikali ilimtwika mzazi gharama za shule, ikauita mzigo ule "kuchangia gharama". Wakati huo nafundisha darasa la sita. Kila muhula napewa karatasi, nasoma majina ya wasiolipa, na waliosomwa watoka na mikoba yao. Kulikuwa na msichana, wa kwanza kwa hesabu, babake kibarua wa bandarini. Siku moja aliinuka kabla sijalifikia jina lake. Alishazoea. Mpaka leo namwona akiinuka. Mchango gani, ndugu zangu, wa kusomewa majina?

Najua yuko atakayesema zilikuwa hela kidogo. Kidogo kwa nani? Januari 2003 Rais Kibaki alipoondoa karo ya shule za msingi, watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka madarasani mwaka ule mmoja. Wote hao walikuwa wapi? Walikuwa majumbani, wamefungiwa nje na hizo hela kidogo!

Na walimu je? Tangu 1998 ajira zilikuwa zimefungwa, mpaka mmoja aondoke ndipo mwingine aingie. Watoto wakakaa hadi chini ya ubao. Baadaye tukaletewa "wanagenzi": kijana ana shahada, amefuzu ualimu, apewa mkataba wa mwaka na Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Wazee wangu, jina la kazi hiyo mwalijua. Makuli wetu waliokuwa wakiandikwa kwa siku waligoma 1939, wakagoma tena 1947. Kibarua kilichopigwa vita bandarini, leo kimeingizwa darasani! Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema mikataba ile ni kinyume cha sheria. Msikubali mtu awaambie ndiyo hali ya dunia.

La vyuo vikuu sitaliwahi, adhana i karibu. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa hela muhula huu asiondoke. Nimekuja na daftari, niko pale mlangoni.