Kipimamvua Chini ya Mwembe

(Mhadhara uliotolewa Mbale, mashariki mwa Uganda, mbele ya wakulima, madiwani na maafisa wa wilaya za Mlima Elgon)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu. Naam, ni vipimamvua tena. Siku vitakapokuwepo nitanyamaza.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda gombolola moja, yaani kata, ya huku milimani. Siitaji, wenyewe wamo humu. Nilikuwa natafuta takwimu za mvua, nikaelekezwa shule ya msingi. Mwalimu aliyekabidhiwa kipimo, mtu mwema kabisa, alinikaribisha chai akanifungulia daftari. Limejaladiwa kwa karatasi ya kaki, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko kama wa kadi ya harusi. Nikajiambia, leo nimepata! Tukatoka kukiona kipimo chenyewe. Kipo chini ya mwembe. Mwalimu, mbona hapa? "Juani kilikuwa kinapauka rangi." Basi miaka yote hiyo mwembe ulikuwa unakunywa kwanza, kipimo kinaambulia makombo. Nikarudi kwenye daftari. Desemba, siku kumi na nne mfululizo: milimita 5, 5, 5, 5. Akaniambia, "Hapo nilikuwa likizo, lakini sikutaka kuacha nafasi wazi."

Mnacheka. Na mimi nilicheka mpaka kwenye gari, kisha nikawaza namba zile zinakokwenda. Zinashuka Mbale, zinafika Kampala, zinajumlishwa na za Moroto kule Karamoja kukavu na za Kabale, zinagawanywa, halafu ripoti inatoka na jalada linalong'aa: mvua ilikuwa ya kawaida. Ukiuingiza ukame wa Karamoja na maporomoko ya Bududa kwenye kikokotoo kimoja, jibu lake ni nchi isiyo na shida yoyote! Mwalimu yule simlaumu hata kidogo. Alipewa chombo, hakupewa mafunzo, wala nauli ya boda, na hakuna aliyerudi kumwuliza.

Sasa twende Nametsi, kijiji cha Bududa. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulishuka ukafukia nyumba na kituo cha afya. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, Bududa hiyohiyo. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliingia mjini humu, mliiona kwa macho yenu. Novemba 2024, maporomoko tena, wilaya ya Bulambuli. Machi, Oktoba, Julai, Novemba. Afisa wa wilaya aweke tahadhari mwezi gani? Huyu hahitaji kuambiwa kwamba dunia inapata joto. Anahitaji kujua jambo moja: mvua ikinyesha kiasi gani, kwa siku ngapi, kwenye mteremko upi, udongo unaachia. Maana mara nyingi si mvua ya usiku mmoja peke yake. Udongo wa mfinyanzi umeshiba wiki nzima, chini yake pamekatwa kiwanja cha nyumba, juu kuna ufa ambao bibi fulani ameuona tangu Jumatatu. Jibu la swali hilo haliko Kampala, wala Geneva.

Najua yupo kijana hapa mwenye kompyuta mapajani anayesema, mzee, siku hizi kuna satelaiti na modeli, hesabu za kompyuta za hali ya hewa. Zipo, mwanangu, na nazitumia. Lakini modeli nyingi za dunia nzima hugawa ardhi kwa vipande vya kilomita 100 hivi. Elgon yote, kileleni mita 4,321 hadi tambarare za chini, inaingia kwenye kipande kimoja au viwili na kulainishwa ikawa kama kichuguu. Tena modeli nyingi zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi, ilhali vipimo vilionyesha mvua za masika zikipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010. Nani tumwamini? Utamwamini nani, kama kipimo chenyewe kiko chini ya mwembe?

Mwingine atasema watu wahame tu, yaishe. Baada ya Nametsi, watu walipelekwa Kiryandongo, wilaya ya mbali na huku. Wengine walirudi. Kahawa ya arabika iko huku, malewa, machipukizi ya mianzi tunayokula, yako huku, makaburi ya wazazi yako huku. Ukimwambia mtu ahame bila kumwonyesha ni mteremko gani hasa ulio hatarini, na jirani yake amebaki, kwa nini akusikilize?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Milima ya Rwenzori, kule magharibi: barafu imebaki kidogo sana, lakini msiniambie Mto Nyamwamba ulifurika Kasese kwa sababu ya barafu. Barafu yenyewe haitoshi, ile ilikuwa mvua. Ziwa Victoria: Mei 2020 kina kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kikavuka rekodi ya 1964, na tulijua hivyo kwa sababu kuna mtu amekuwa akisoma kipimo kile muda wote. Karamoja nilitaka kuipa robo saa. Haipo. Nitasema tu kwamba wao wana msimu mmoja wa mvua, na sisi tunawaandikia sera ya watu wa misimu miwili.

Sheria ya tabianchi ya 2021 inaitaka wilaya iwe na mpango wake. Maafisa, msinakili wa jirani mkabadilisha jina la wilaya. Nimeshauona mmoja uliosahau kubadilisha ukurasa wa tatu.

Kwenye gari nina vipimamvua sita. Atakayechukua atie sahihi, na atanionyesha mahali penyewe kesho asubuhi. Mzee pale nyuma umenyoosha mkono kitambo, tuanze na wewe.