Bunduki, Jarida na Mweka Hazina

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Kuna mwanafunzi aliniuliza swali ambalo kwanza nililicheka, kisha likaninyima usingizi. Alisikia kwenye taarifa ya habari kwamba polisi wamekamata bunduki na magazini mbili zenye risasi. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani majambazi nao wanasoma majarida?" Leo nimekuja kumjibu.

Neno la Kiingereza magazine, ambalo ni jarida na pia ni kijisanduku cha risasi cha bunduki, halikuzaliwa Uingereza. Chimbuko lake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu, kha, zay na nun, wenye maana ya kuweka akiba. Pahala pa kuwekea akiba ni makhzan. Yakiwa mengi ni makhazin. Naona baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo, hazina yetu imetoka humo humo. Na yule mhazini wa chama chenu cha kufa na kuzikana, mnayemtilia shaka kila mwisho wa mwaka, ni wa ukoo huo.

Zama za kati, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakipakia na kupakua mizigo kwenye bandari za Afrika Kaskazini na Shamu. Neno wakaondoka nalo, wakaliita magazzino. Wafaransa wakalifanya magasin, na kwao leo ni duka tu. Wenzetu waliosomea Moscow watakwambia kwamba huko nako ukitaka mkate unakwenda magazin. Wahispania walilibeba pamoja na al- yake ya Kiarabu, likawa almacén. Morocco lilibaki nyumbani lakini likapanda cheo: nyumba ya kuhifadhia mali ya mtawala ikawa jina la utawala wenyewe, na mpaka leo mtu wa kule akitaka kuisema serikali ya mfalme atasema Makhzen.

Kiingereza kililipokea katika karne ya 16, likiwa bado ghala. Wanajeshi ndio waliolishika zaidi, wakawa wanatia humo ghalani silaha na baruti. Baadaye zilipokuja bunduki za kufyatua risasi kadhaa bila kujazwa moja moja, kile kijisanduku cha risasi kikarithi jina. Ni ghala lile lile, ila limekuwa dogo la kubebeka mkononi. Hiyo ni nusu ya jibu.

Nusu ya pili iko London, mwaka 1731. Edward Cave, mchapishaji aliyekuwa mtoto wa fundi viatu, alianza kutoa chapisho la kila mwezi. Kazi yake mwanzoni ilikuwa kudonoa: anakusanya habari, insha na mashairi yaliyokwisha kutoka kwenye magazeti ya mjini, anayafupisha, anayapanga pamoja. Mtu wa shambani asiyeweza kununua magazeti yote anapata kila kitu mahali pamoja. (Siku hizi tungemshtaki kwa hakimiliki.) Sasa kitu kama hicho ukiite nini? Akakiita ghala: The Gentleman's Magazine.

Samuel Johnson, mwandishi na mtunga kamusi wa Kiingereza, alikuwa miongoni mwa waliomwandikia Cave. Kamusi yake ilipotoka mwaka 1755, aliweka maana ya ghala kwanza. Ya pili akaeleza kwamba siku za karibuni neno hilo limekuwa likitumika kwa kijitabu cha mambo mchanganyiko, na akamtaja Cave kwa jina. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Ni mara chache unamkuta mtunga kamusi akishuhudia maana mpya ikiota mbele ya macho yake, na anamjua aliyeipanda.

Sisi kwa karatasi hizo tuna jarida, nalo pia ni la Kiarabu, ila la shambani: mzizi wake unahusu kuti la mtende lililochambuliwa majani, ukabaki uti mtupu. Kwa hiyo Mwingereza anasoma ghala, Mswahili anasoma kuti. Na neno la Cave lilipofika kwetu kupitia Kiingereza, halikukuta nafasi kwenye karatasi. Likaingilia mlango wa kambini, likawa magazini ya askari. Ndugu yake hazina alikuwa ameshatangulia zamani, kwa majahazi.

Sasa maswali. Wewe kijana wa nyuma, uliyeinua mkono tangu nilipomtaja mhazini, anza.